Walichonyang'anywa Wayolngu kilikuwa mali

Tarehe 12 Machi 2025 Mahakama Kuu ya Australia, ambayo nchini humo ndiyo ya mwisho kwa rufaa, iliitupa rufaa ya serikali ya shirikisho dhidi ya ukoo wa Gumatj. Hawa ni miongoni mwa koo za Wayolngu, wenyeji asilia wa rasi ya Gove huko Arnhem Land, kaskazini kabisa mwa bara lile. Kesi ilifunguliwa mwaka 2019 na mzee wao, Yunupingu, aliyefariki Aprili 2023 bila kusikia neno la mwisho. Majaji walisema haki ya asili ya ardhi waliyokuwa nayo Gumatj, yaani ile inayotokana na mila zao wenyewe, ni mali, na kwamba serikali, kama iliifuta ili mchimbaji wa boksiti, madini yanayotoa aluminiamu, apate nafasi, iliguswa na kifungu cha katiba kinachotaka mali ya mtu isichukuliwe bila masharti ya haki. Maoni mengi niliyokutana nayo tangu wakati huo yanaipokea hukumu hii kama tendo la heshima: kwamba dola la wazungu hatimaye limekubali kuwa kwa mwenyeji asilia ardhi ni kitu kitakatifu. Nadhani wanaosema hivyo wanaisoma hukumu kinyume. Utakatifu wa ardhi ya Wayolngu ulikubaliwa na mahakama zamani, mwaka 1971, tena kwa maneno ya kusifu, na siku hiyohiyo wakanyimwa ardhi. Kilichochukua miaka 54 kukubalika ni umiliki. Na mkanganyiko kati ya mambo hayo mawili una historia, ambayo sehemu yake kubwa imo katika maandishi ya wanaanthropolojia, wataalamu wa jamii na tamaduni, hasa Mwaustralia W. E. H. Stanner.

Kabla ya hapo niondoe kosa moja la haraka. Hukumu hii haiwalipi wenyeji asilia wote wa Australia. Inahusu Jimbo la Kaskazini, ambalo lilikuwa mikononi mwa serikali kuu tangu 1911 hadi lilipopata utawala wake wa ndani mwaka 1978. Kifungu cha katiba kinachodai fidia kinalibana bunge la shirikisho. Mabunge ya majimbo kama Victoria na New South Wales hakiyabani. Familia ambayo mababu zake walifukuzwa kando ya mto Murray katika karne ya 19 ili kondoo wapate malisho haipati chochote kutokana na hukumu hii. Wala mahakama haikutaja kiasi cha fidia. Ilijibu swali la msingi tu: je, walichokuwa nacho Gumatj kilikuwa mali, au kilikuwa kitu dhaifu ambacho Serikali ingeweza kukifuta wakati wowote bila kudaiwa? Wanasheria wa serikali walishikilia hilo la pili. Walidai udhaifu ulikuwa ndani ya haki yenyewe, hivyo kuifuta si kuchukua mali ya mtu. Majaji wengi wakakataa.

Turudi mwaka 1963. Serikali ya shirikisho, huko Canberra, ilikata zaidi ya kilomita za mraba 300 kutoka hifadhi ya Arnhem Land kwa ajili ya boksiti, bila kuwauliza waliokuwa wakiishi hapo. Agosti mwaka huo Wayolngu wa Yirrkala walipeleka bungeni maombi yaliyoandikwa kwa Kigumatj na Kiingereza, yakiwa yamebandikwa juu ya magome ya mti yaliyochorwa pembeni michoro ya koo zao. Ombi moja lilibeba michoro ya upande wa Dhuwa na jingine ya upande wa Yirritja, maana jamii nzima ya Wayolngu, pamoja na nchi yao, wanyama na nyota, imegawanyika katika pande hizo mbili. Wabunge waliona maombi yaliyopambwa kwa sanaa. Waliochora walikuwa wamewasilisha ushahidi. Kwa sheria ya Wayolngu mchoro wa ukoo ni wa ukoo, na unatokana na eneo fulani la ardhi. Ule wa Gumatj wenye maumbo ya almasi, unaosimulia moto na mamba, hauchorwi na mtu mwingine kwa hiari yake. Anayeweza kuuchora kihalali ameshasema yeye ni nani na nchi yake iko wapi. Kamati ya bunge ilipendekeza wafidiwe na maeneo yao matakatifu yalindwe. Mgodi ukaendelea kama ulivyopangwa.

Ndipo wakaenda mahakamani. Kesi ya Milirrpum dhidi ya Nabalco, kampuni ya mgodi huo, na serikali, inayojulikana pia kama kesi ya Gove, ilisikilizwa mwaka 1970 na Jaji Richard Blackburn, na hukumu ikatoka Aprili 1971. Yunupingu, akiwa kijana, alikuwa mkalimani. Baba yake alikuwa mmoja wa wadai. Mashahidi wataalamu wa upande wa Wayolngu walikuwa wawili, Ronald Berndt na Stanner.

Stanner anastahili kufahamika zaidi Afrika Mashariki, kwa sababu alipita kwetu. Alizaliwa Sydney mwaka 1905, akafanya kazi ya uandishi wa habari, kisha akasoma anthropolojia kwa Radcliffe-Brown. Mwaka 1932 alianza utafiti wake kando ya mto Daly, Australia ya kaskazini. Mwaka 1938 na 1939 alikuwa Kitui, akitafiti maisha na masoko ya Wakamba. Baada ya vita, mwishoni mwa miaka ya 1940, akawa mkurugenzi wa kwanza wa taasisi ya utafiti wa jamii ya Afrika Mashariki huko Makerere, ile ambayo baadaye ilipita mikononi mwa Audrey Richards na ingali hai hadi leo chini ya chuo hicho. Aliporudi Australia akawa sauti kubwa. Mihadhara yake ya redio ya mwaka 1968 iliwashutumu wanahistoria wa nchi yake kwa kunyamaza juu ya wenyeji asilia kana kwamba hawakuwahi kuwepo. Lakini kwa kesi ya Gove, maandishi yake yenye uzito kuliko yote ni makala ya kitaalamu ya mwaka 1965, isiyo na hamasa yoyote, kuhusu jinsi koo zinavyogawana ardhi.

Mwalimu wake Radcliffe-Brown alikuwa amechora picha nadhifu: kundi la watu wa ukoo mmoja wa upande wa baba, wanaoishi pamoja, wanaomiliki eneo lenye mipaka na kuwinda humo humo. Mwaka 1962 mtafiti mwingine, Les Hiatt, aliyefanya kazi Arnhem Land, alionyesha kwamba picha hiyo haifanani na maisha. Watu waliokaa kambi moja walitoka koo kadhaa, na walitafuta chakula katika ardhi za koo mbalimbali. Stanner alijibu kwa kutenganisha vitu viwili vilivyokuwa vimechanganywa. Kipo kile ambacho ukoo unakimiliki: nchi yake, yenye maeneo, hadithi, nyimbo na michoro yake. Na lipo eneo ambalo watu wanalizungukia kutafuta riziki, ambalo ni pana zaidi na linaingiliana na maeneo ya wengine. Mtu anaweza kuwinda katika nchi isiyo yake, na bado kila mtu anajua ni ya nani. Hakuna ajabu hapo. Ni utaratibu wa umiliki wa aina moja na matumizi ya aina nyingine.

Mahakamani tofauti hiyo iliwageuka Wayolngu. Mawakili wao walijaribu kuonyesha kwamba kila ukoo ulikuwa na kundi lake lililoishi kwa kutegemea ardhi yake, lakini mashahidi wenyewe walieleza maisha ya kuchanganyika na kusafiri. Blackburn akaona kundi halilingani na ukoo, akaitenga kabisa riziki na umiliki. Kilichobaki mkononi mwa ukoo kikawa ibada. Hakudharau hata kidogo. Aliandika kwamba aliona mfumo wa hali ya juu, uliolingana na mazingira ya wenyewe, na kwamba kama kuna utaratibu unaostahili kuitwa utawala wa sheria badala ya utawala wa watu, basi ni huo. Kisha akauliza mali ni nini, akataja alama tatu: haki ya kutumia, haki ya kuwazuia wengine, na haki ya kuuza au kuhamisha. Akasema ushahidi unamfanya aone ni rahisi zaidi kusema ukoo ni wa ardhi kuliko ardhi ni ya ukoo. Sentensi hiyo imenukuliwa mara nyingi kama kauli nzuri ya hekima ya wenyeji asilia, hata na watu wanaowaunga mkono. Naiona ni sentensi ya hatari kuliko zote katika hukumu ile. Kwa kuwapa Wayolngu mapenzi makubwa kwa ardhi, iliwanyima ardhi.

Ndiyo maana nasema wanaosherehekea hukumu ya 2025 kama ushindi wa imani wanarudia mgawanyo wa Blackburn kwa nia njema. Stanner mwenyewe hakuukubali. Katika maandishi yake kuhusu kesi hiyo anasimulia jinsi wazee walivyomwonyesha rangga, vitu vitakatifu vya ukoo ambavyo watu wachache huruhusiwa kuviona, na anaeleza kwamba kwa namna fulani hivyo ndivyo hati za ukoo za kumiliki ardhi yake. Angalia uzito wa hoja hiyo. Katika sheria ya Wayolngu kitu kitakatifu ndicho kinachothibitisha umiliki, kama vile kwetu muhuri na sahihi ya msajili. Wazee walipomfunulia mgeni vitu hivyo walikuwa wakijibu swali la kisheria kwa njia ya kisheria waliyokuwa nayo. Jaji alisikia dini.

Jibu kamili zaidi kwa alama tatu za Blackburn lilikuja baadaye, kwa mwanaanthropolojia Nancy Williams, aliyeanza utafiti Yirrkala kesi ikiwa bado inaunguruma, na ambaye mwaka 1986 alichapisha kitabu kizima juu ya Wayolngu na ardhi yao. Alichukua muda kueleza jambo ambalo mahakama ililipita haraka: ruhusa. Katika Arnhem Land mtu haingii tu nchi ya ukoo mwingine. Anaomba, kwa maneno au kwa ishara, na mwenyeji humkubalia, mara nyingi kwa namna ya upole kiasi kwamba asiyejua hatambui kama kuna kitu kimeombwa. Kukataa waziwazi ni aibu, hivyo hukataliwa mara chache. Anayetafuta uzio na ugomvi wa mipaka hataona kitu, atasema hakuna anayemzuia mwenzake. Msomaji wa Kiswahili ana njia fupi ya kulielewa hili. Jirani anayepiga hodi mlangoni hukaribishwa takriban kila mara, na hakuna mtu mwenye akili anayesema kwamba kwa kuwa hodi haikataliwi, nyumba haina mwenyewe. Haki ya kuzuia imo ndani ya hodi yenyewe. Williams alionyesha pia kwamba watoto wa mabinti wa ukoo wana wajibu na kauli juu ya ardhi ya upande wa mama zao, ikiwa ni pamoja na kusimamia sherehe zake, kwa hiyo mtu mmoja huwa na haki za aina tofauti katika nchi kadhaa. Mahakama ilikuwa inatafuta mmiliki mmoja mwenye haki zote tatu mkononi, na mfumo huu ulikuwa umezigawa haki hizo kwa makusudi.

Hoja dhaifu kuliko zote dhidi ya haya ni ile ya kwamba asiyeuza hamiliki. Bado inasikika, wakati mwingine kutoka kwa watu walioelimika: hawa walikuwa wanatangatanga, hawakulima, hawakuuza, sasa wanadai nini? Sheria ya Kiingereza yenyewe haikubaliani nayo. Kwa karne nyingi familia za makabaila wa Uingereza zilishikilia mashamba makubwa ambayo mrithi hakuruhusiwa kuyauza, kwa sababu yalifungwa yabaki katika ukoo, na hakuna jaji aliyesema kwamba hayana mwenyewe. Zaidi ya hapo, ardhi ya Wayolngu haikukosa njia ya kuhama. Ukoo unapokwisha, koo zenye uhusiano nao hurithi wajibu wake kwa taratibu zinazojulikana na zinazojadiliwa, wakati mwingine kwa miaka. Kilichokosekana ni kuuza kwa fedha kwa mtu wa nje, na sioni kwa nini hilo liwe kipimo cha ubinadamu wa sheria.

Kuna hoja nyingine ambayo haiondoki kirahisi hivyo. Wapo wanaosema wanaanthropolojia si mashahidi wa kuaminika: waliishi na watu hao, wakawapenda, wakawaandikia mfumo nadhifu kuliko maisha, na baadaye wakalipwa kuutetea kortini. Kuna ukweli ndani yake. Picha ya Radcliffe-Brown ilikuwa nadhifu mno, na haikufa na kesi ya Gove. Sheria ya haki za ardhi ya Jimbo la Kaskazini ya mwaka 1976, iliyotokana na tume ya Edward Woodward, aliyekuwa wakili wa Wayolngu, inamtafsiri mmiliki wa kimila kuwa kundi la ukoo lenye wajibu mkuu wa kiroho juu ya maeneo fulani. Ni sheria iliyorudisha ardhi nyingi sana, na sitaki kuidogosha. Hata hivyo ilichukua toleo la wanaanthropolojia la miaka ile na kulifanya mlango, na jamii ambazo ukoo wao haukukaa kwa umbo hilo zililazimika kujikunja ili zipite.

Hatari inaonekana zaidi katika kesi ya Yorta Yorta. Mahakama Kuu ilikuwa imekubali katika kesi ya Mabo, Juni 1992, kwamba haki ya asili ya ardhi ilinusurika ujio wa Waingereza. Jamii ya Yorta Yorta, wa mto Murray, ikadai haki yake. Mwaka 1998 Jaji Olney alikataa, na katika kukataa aliyapa uzito mkubwa maandishi ya Edward Curr, mfugaji mzungu aliyeingia katika ardhi hiyo miaka ya 1840, kuliko ushuhuda wa wazee waliosimama mbele yake. Walioishi desturi zilizobadilika waliambiwa wimbi la historia limezisomba. Mwaka 2002 Mahakama Kuu iliiacha hukumu hiyo isimame. Mtu aliyechukua ardhi yao ndiye aliyeandika jinsi walivyokuwa, na maandishi yake yakawa kipimo cha kuwa wao bado ni wao. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaodhani dawa ni wanaanthropolojia wengi zaidi na bora zaidi. Maandishi ya Stanner na ya Williams yana thamani kubwa kama ushahidi wa kile walichoonyeshwa. Yakigeuzwa kuwa chanzo cha haki, kila kizazi kitalazimika kufanana na kitabu kilichoandikwa kuhusu babu yake, na asiyefanana atapoteza.

Wapo pia wenyeji asilia, na wasomi wanaowaunga mkono, wasiopenda kabisa neno mali. Wanaona kwamba kuiita nchi mali ni kuishusha hadi kiwanja. Nawaelewa, na sidhani kwamba sheria ya Australia inaweza kubeba kila kitu ambacho Gumatj wanakijua juu ya Gove. Lakini tuangalie nini hutokea uhusiano na ardhi unapoachwa upande wa roho pekee. Machi 2019, katika kesi ya Timber Creek, ambayo pia ni ya Jimbo la Kaskazini, Mahakama Kuu ilipanga fidia kwa mara ya kwanza. Kwa thamani ya kiuchumi ya haki zilizopotea ilitoa nusu ya bei ya soko ya kiwanja chenye hatimiliki kamili, kwa sababu haki za kimila zilizothibitishwa hapo hazikuwa za kuwazuia wengine. Kisha ikaongeza dola za Australia milioni 1.3 kwa hasara ya kitamaduni, katika jumla ya takriban milioni 2.53 pamoja na riba. Kile kiasi cha utamaduni kilipokelewa kwa shangwe, na nakubali kilistahili. Ila upande wa pili wa mizani unasema mwenye sheria ya kimila ana nusu ya umiliki wa mtu mwingine, halafu anafarijiwa kwa huzuni yake. Blackburn angeutambua mgawanyo huo.

Kwetu jambo hili lina ndugu wa karibu. Desemba 1994 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kesi ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay. Sheria ya mwaka 1992 ilikuwa imefuta haki za kimila za ardhi katika vijiji vilivyoanzishwa wakati wa Operesheni Vijiji. Mahakama ilisema haki hizo ni mali inayolindwa na Ibara ya 24 ya Katiba, na haziwezi kuondolewa bila fidia ya haki. Tanzania ililisema hilo zaidi ya miaka 30 kabla ya Australia, na nashangaa kwamba halitajwi zaidi. Lakini msingi wake ulikuwa tofauti. Nyalali aliegemea hoja ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1958: ardhi ni zawadi ya Mungu, na anayeifyeka na kuitumia hupata dai juu yake kwa jasho lake. Hoja hiyo inamlinda mkulima vizuri. Mfugaji anayeacha nyanda zipumzike mpaka mvua zirudi, au mwindaji wa Kihadzabe wa bonde la Yaeda anayejua kila mti wa nyuki bila kufyeka hata mmoja, inamlinda vibaya, kwa sababu jasho lake haliachi alama ambayo hakimu anaitambua. Wafugaji wa Kibarabaig wa Hanang walipopoteza malisho yao kwa mashamba ya ngano ya NAFCO, shirika la kilimo la serikali, nchi ilionekana tupu kwa macho yaleyale yaliyoiona Gove tupu. Wahadzabe walipata hati ya hakimiliki ya kimila ya pamoja mwaka 2011, na ni hatua ya kweli, ingawa ilipatikana kwa utaratibu wa vijiji na hati, bila mahakama kulazimika kusema waziwazi kwamba kuitunza nchi kwa kutoilima ni kuimiliki.

Kazi iliyobaki Australia ni ngumu kuliko ile iliyokwisha. Mahakama ya Shirikisho italazimika kuthibitisha ni haki gani hasa Gumatj walikuwa nazo na zina thamani gani, na miongoni mwa wanazodai ni haki ya kuchukua na kutumia rasilimali za ardhi hiyo, madini yakiwemo. Bila shaka itaulizwa kama Wayolngu waliwahi kuchimba boksiti. Swali hilo likikubaliwa kuwa ndilo kipimo, tutakuwa tumerudi mwaka 1971, tukitafuta katika sheria ya watu hawa shughuli zinazofanana na zetu. Lenye haki zaidi ni swali ambalo Williams aliliweka mezani: mtu wa nje akitaka kuchimba udongo wa rangi, kukata gome au kuchukua jiwe katika nchi ya Gumatj, alipaswa kumwomba nani? Wayolngu wana jibu la swali hilo kwa kila eneo la rasi ile, na walilipeleka Canberra mwaka 1963 likiwa limechorwa pembezoni mwa ombi lenyewe.